Tita Lisilochorwa

Wigger Siebrands alikuwa mtoboa barafu wa Ransewoude, kazi ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiota na hakuna mtu mzima aliyewahi kuigombea. Kijiji chetu ni cha mbao tupu, nyumba zimebanana kando ya mfereji, na mfereji ukiganda halafu moto ukazuka, mtauzima kwa kitu gani? Kwa theluji? Ndiyo maana kila msimu wa baridi kijiji kilimweka mtu wa kutoboa matundu mbele ya nyumba, ndoo zipate pa kuzama, na wa kuyatoboa tena kesho yake kwa kuwa yamejifunga. Wanawake walifulia hapo, mabata wakaogelea hapo, wavuvi wa mikunga wakashusha mitego hapo hapo. Wigger hakukumbukwa na mtu mpaka tundu lizibe.

Miezi mingine alichimba mboji ya kinamasi, ile inayokaushwa na kuchomwa kama kuni, kama wanaume wenzake. Alikuwa mrefu, mgongo umepinda kidogo, na maneno yake yalikuwa machache mno, hata mkewe Aecht alikuwa akisema ameolewa na nguzo ya daraja. Lakini kila mtu ana kitu chake cha kuringia, na Wigger alikuwa na matita yake. Sheria ya kijiji ilimtaka mwenye kutoboa aweke alama ukingoni mwa tundu: tita la matete la kumfika mtu mzima kifuani, lichomekwe na kumwagiwa maji mpaka ligande wima. Watoboaji waliomtangulia walichomeka vijiti vya kuonea haya. Wigger alifunga tita nene la kukumbatiwa, na juu yake akalizungushia kitambaa chekundu.

"Sketi yangu yote itaishia kwenye barafu," Aecht alimwambia.

"Imeshatoboka."

"Imetoboka kwa sababu unaikata!"

Msimu wa baridi ambao maisha yake yaligeuka, barafu ilikaza mapema na kukaza vizuri. Siku ya mapumziko baada ya Mwaka Mpya kijiji kizima kilishuka mferejini na vyuma vyake vya kutelezea miguuni, matajiri kwa makapuku, na hata mchungaji wa kanisa alionekana ukingoni akijifanya anapita tu. Asubuhi hiyo Wigger alikuwa akifungua tundu kubwa, lile la mbele ya daraja, alipomkuta mtu amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, ubao magotini, chaki nyeusi mkononi, pua imemwiva kwa baridi. Alikuwa Hillebrant, mchoraji wa mji wa Haarlem. Huyu bwana alikula kwa baridi. Kila mwaka alikuja kuchora barafu vijijini, kisha akakaa kwake mwaka mzima akiitia rangi na kuwauzia watu wa mjini, ambao hupenda sana kuitazama baridi wakiwa wamekaa kando ya moto.

Wigger alichomeka tita lake, akalimwagia maji, akafunga kitambaa.

"Jirani," mchoraji akaita, "hilo tita lako limenikalia mbele ya kanisa."

"Sogea wewe."

"Nikisogea nakipoteza kinu cha upepo."

"Basi kipoteze."

"Lichomoe kidogo tu. Nikimaliza nalirudisha kwa mikono yangu."

"Hilo halitoki."

"Hata kwa bia?"

"Hata kwa pipa la bia."

Hillebrant akacheka. Hakuwa mtu mbaya. "Haya, mkaidi. Basi mimi nitalichomoa kwa chaki."

"Huko kwenye karatasi yako," Wigger akasema, "chomoa unachotaka. Chomoa hata kanisa."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwa Wigger, na aliondoka amejifurahia, shoka begani, kwenda kufungua matundu ya upande wa pili wa kijiji.

Mchana watu walizidi. Palikuwa na wazee waliovaa nguo nyeusi wakipiga mpira kwa magongo na kutukanana kwa heshima, wasichana walioshika fimbo moja ndefu wakienda mstari mmoja, na mama mmoja aliyeanguka chali mpaka soksi zake zikaonekana na kila mtu, naye mchungaji akageuza uso, ingawa si haraka sana. Na palikuwa na Jorden, mtoto wa Lubbert muoka mikate, kijana wa kupendeza na mwenye kujua kwamba anapendeza. Alikuwa na kofia mpya yenye unyoya. Alipita na kurudi mbele ya mchoraji, mikono nyuma, kifua mbele, na Hillebrant, ambaye hakuwa kipofu, akamchora.

Kando ya tundu kubwa alikuwepo Baertje na kibanda chake cha turubai, akiuza bia ya moto iliyopigwa na mayai na pombe kali. Mboji yake ilikuwa mbichi siku hiyo. Moto ukawa unamkonyeza na kulala, unamkonyeza na kulala, na wateja wanagonga vikombe.

"Baertje, hii bia umeichota mferejini?"

"Subiri, mwanaume! Umezaliwa kwa miezi saba?"

Baertje akatazama huku na huku, akaliona tita la Wigger limesimama hapo karibu, kavu juu na nene. Akalipiga teke shinani, likakatika, akalitia motoni. Alijiambia atamwomba Wigger alete jingine, au atasimamisha kiti chake hapo, au atafanya jambo fulani mara tu watu watakapopungua. Moto ukashika vizuri, bia ikachemka, watu wakaongezeka badala ya kupungua, naye akasahau. Mchoraji alikuwa amekwisha kufunga ubao wake na kwenda zake kabla mwanga haujafifia.

Jorden alikuja kwa kasi kutoka upande wa kinu, akigeuka nyuma kuwatania wale wasichana wa fimbo. Hakupiga kelele. Kofia ilibaki juu ya maji.

Maji ya chini ya daraja yana mkondo. Walimwita Wigger, na Wigger ndiye aliyelala kifudifudi juu ya barafu, akaifuta theluji kwa mkono mpaka akamwona kijana chini yake, kisha akapasua barafu na kumtoa. Lubbert alisimama pale na aproni yake ya unga. Alimtazama mwanawe, akalitazama tundu la daraja, na kisha akamgeukia Wigger.

"Tita liko wapi?" akauliza.

Wigger akageuka kuangalia. Ukingo wa tundu ulikuwa mtupu.

Kesi ilisikilizwa mbele ya hakimu wa wilaya, ndani ya ukumbi wa juu wa kilabu, kwa kuwa kwetu hakuna ukumbi mwingine wenye moto. Lubbert alisema tita halikuwepo. Wapiga mpira walisema hawakuliona, na walikuwa wanasema kweli, maana walikuwa wanaangalia mpira. Baertje alikaa nyuma kabisa, amejifunika shali, kimya. Aecht alisema kitambaa kilitoka kwenye sketi yake, akaileta na sketi yenyewe, watu wakacheka, naye akalia. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba siku ile palikuwa na mchoraji, na Hillebrant akaitwa kutoka Haarlem pamoja na karatasi yake.

Karatasi ilipofunguliwa mezani, watu walisogea. Daraja lilikuwepo. Tundu lilikuwepo. Jorden na unyoya wake alikuwepo, na Lubbert alipomwona akatoa sauti ambayo hakuna aliyependa kuisikia. Tita halikuwepo.

"Naona tundu bila alama," hakimu akasema.

"Alama ilikuwepo, mheshimiwa," Hillebrant akasema. "Niliitoa mimi."

"Uliitoa wapi?"

"Hapa, kwenye karatasi. Ilinizibia kanisa. Nilimwomba huyu bwana aichomoe kwenye barafu, akanikatalia hata kwa pipa la bia."

Hakimu akainamia karatasi kwa muda. "Kanisa letu liko kulia mwa daraja. Hapa liko kushoto."

"Kushoto linapendeza zaidi."

"Na hii ngome?"

"Hiyo niliiona Ujerumani."

"Sasa, mchoraji, katika picha hii kitu cha kweli ni kipi?"

Hillebrant akafikiri. "Baridi, mheshimiwa," akasema.

Watu walicheka, Wigger hakucheka, na katikati ya kicheko hicho Baertje akasimama na shali lake. Alikiri yote, kwa sauti ya chini na haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. Alitozwa faini na kibanda chake kikaondolewa kwenye barafu, na kabla ya majira ya kuchipua akahamia Hoorn kwa dada yake, hatukumwona tena. Hakimu akatamka mbele ya wote kwamba Wigger Siebrands hana kosa. Majirani wakampiga mabegani, wakamnunulia bia. Lubbert akashuka ngazi bila kuaga.

Hadithi ingeishia hapo, kama Lubbert hangemfuata mchoraji mpaka nje. Watu wetu hupenda picha kupita kiasi. Hata mchimba mboji asiye na godoro utamkuta na ubao mmoja wenye ng'ombe au meli ukutani. Lakini Lubbert alikuwa na sababu yake. Jorden hakuwahi kuchorwa na mtu mwingine. Sura yake ilikuwa kwenye karatasi ile tu, ndogo kama ukucha, na baba yake aliitaka kwa rangi.

Picha ilifika msimu wa kupukutika kwa majani, ikatundikwa dukani, nyuma ya meza ya mikate. Duka la mikate lilikuwa moja tu.

Wigger aliiona alipokwenda kununua mkate wa shayiri. Ilikuwa picha nzuri, hilo lazima lisemwe. Ukiitazama vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Lakini mchoraji alikuwa amelipanua tundu na kulitia weusi zaidi, kwa kuwa picha ilihitaji kitu cheusi hapo mbele, na alikuwa amemsogeza Jorden, kwa kuwa kule mbali hakuonekana vizuri, na sasa kijana aliteleza moja kwa moja kuelekea kwenye maji, mikono nyuma, akitabasamu. Hapakuwa na kitu chochote kati yake na tundu. Wanawake wawili waliokuwa wakingojea mkate walimtazama Wigger, wakatazama picha, wakaanza kuzungumza habari ya siagi.

Alikwenda Haarlem kwa miguu. Hillebrant alimkaribisha, akamketisha, akampa supu ya njegere, akamsikiliza akiomba tita lirudishwe kwenye picha.

"Kwangu ni kazi ya kufumba na kufumbua," akasema. "Lakini picha si yangu tena. Lubbert akikubali, nakuja mwenyewe, bure. Na samahani, jirani. Tita ni kitu kibaya sana kuchora."

Basi Wigger akaenda kwa Lubbert, siku duka lilipokuwa tupu. Alivua kofia.

"Jirani," akasema, "naomba tita langu."

Lubbert alijua mara moja. Aliendelea kukanda.

"Ni mistari michache ya brashi," Wigger akasema. "Hapo pembeni tu. Mchoraji hatamgusa mwanao."

"Hapana."

"Hakimu alisema—"

"Nilimsikia hakimu. Sina neno nawe, Wigger. Lakini picha ile haijasema uongo. Mwanangu alipofika pale, tita halikuwepo."

"Lilikuwepo asubuhi."

"Hakufa asubuhi," Lubbert akasema.

Wigger alisimama pale na kofia yake. Alinunua mkate akaondoka.

Aecht alitaka yeye ndiye awe anakwenda dukani badala ya mumewe, lakini Wigger alikataa. Aliona kwamba siku atakapoacha kuingia duka lile, watu watasema anaogopa kuitazama. Kwa hiyo aliendelea kwenda, akasimama mbele ya picha kila alipongoja zamu yake, na kila mara aliumia, na hakumwambia mtu.

Mwanzoni kila mteja aliyeingia alikuwa amekuwepo kwenye kesi, na mgeni akiuliza alielezwa yote, na Baertje, na moto, na ngome ya Ujerumani. Baadaye maelezo yakafupishwa. Baadaye tena yakawa, "Huyo ni Jorden, na hilo ndilo tundu la Wigger." Hakimu alikufa. Wapiga mpira wakafa mmoja mmoja. Hillebrant naye akafa. Mama wenye watoto wadogo walikuwa wakiwaonyesha picha ile wakati mikate inafungwa: "Umeona? Usikimbie karibu na tundu. Kuna watu hawaweki alama." Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanasema walichokiona.

Wigger akajibu kwa njia aliyoijua. Alianza kuchomeka matita mawili kwa kila tundu, kisha matatu, kisha akayazungushia tundu lote kama ua wa mbuzi. Vijana wakawa wanapita kwa kasi wakipiga makelele, "Babu Wigger, unalima matete au unatoboa barafu?" na mmoja wao, mtundu zaidi, aliwahi kuita, "Ungeyaweka mapema, babu!" Wenzake walicheka kisha wakanyamaza. Wigger aliendelea kumwaga maji shinani.

Binti yake Trijn alipochumbiwa na mtu wa Edam, mjomba wa bwana harusi aliuliza katikati ya karamu, mdomo umejaa nyama, kama huyu baba mkwe ndiye yule wa kwenye picha. Ndoa ilifungwa, ndiyo. Lakini Trijn alikuja nyumbani mara chache, na Aecht alipofariki alikuja akaondoka siku ile ile.

Lubbert aliishi sana. Alipokufa, duka likabaki kwa binti yake Machtelt, aliyezaliwa mwaka uliofuata kifo cha Jorden, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi na maneno ya moja kwa moja. Hakuwa na muda wa majonzi ya watu wengine. Wigger wakati huo alikuwa hatoboi tena; alitembea kwa fimbo, na mkate wake ulikatwa vipande kwa ajili ya meno yake.

Asubuhi moja alipoingia alimkuta Machtelt na kijana wa kupaka rangi vibao vya maduka, aliyekuja kuufanya upya mkate uliochorwa kwenye kibao cha mlangoni. Picha ya Jorden ilikuwa imeshushwa ukutani na kulazwa juu ya meza, kati ya unga na mizani.

"Afadhali umekuja, Babu Wigger," Machtelt akasema. "Nilikuwa nataka nitume mtu. Baba aliniachia neno siku zake za mwisho. Alisema, lile tita la Wigger, mtilieni pichani angali hai. Akasema amekuzungusha vya kutosha. Mimi sijui habari zenu, lakini huyu hapa ana brashi, na rangi ya matete anayo. Si ndiyo, fundi?"

"Rangi ipo," kijana akasema. "Na nyekundu ninayo, wameniambia palikuwa na kitambaa."

Wigger alishika ukingo wa meza. Furaha ilimjia kwa nguvu mpaka ikamtisha. Machtelt akamvutia kiti. Alikaa. Kijana alichovya brashi, akaifuta kidogo ukingoni mwa kopo, akaishika juu ya barafu.

"Upande upi, babu?"

"Hapo," Wigger akasema, akanyoosha kidole.

Kidole kikasimama hewani. Kijana akashusha brashi upande wa kulia wa tundu. "Hapa?"

"Hapana. Subiri."

"Huku, basi?"

"Subiri kwanza, mwanangu."

Alifumba macho ili aione asubuhi ile. Aliliona daraja. Aliuona mfereji, na watu, na kijana anakuja mikono nyuma akitabasamu, na maji meusi. Alitafuta mikono yake mwenyewe na matete ndani yake. Akarudi nyuma na kuanza upya, daraja, mfereji, maji, na kila alipofika ukingoni mwa tundu palikuwa peupe, pametulia, pamepakwa rangi vizuri. Alipofumbua macho aliona kitu kile kile juu ya meza.

Brashi ilikuwa inaanza kukauka. Kijana alimtazama Machtelt.

"Palikuwa na tita kweli?" Wigger akauliza.

Aliuliza polepole, akimwangalia usoni, kama mtu anayeuliza njia. Machtelt alijifuta unga mikononi. Alimhurumia.

"Mimi nilikuwa sijazaliwa, babu," akasema.